Shavu la Kushoto

Asubuhi ya Jumatatu baada ya Pasaka, Orsola Bescapè alichanganya unga wa almasi na mafuta ya zeituni kwenye kibakuli cha shaba, akakoroga kwa ncha ya kidole mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, kisha akaketi kwenye kigoda chake kando ya dirisha na kuanza kukanyaga cherehe, gurudumu linalozungusha ncha ya chuma. Mchonga vito yeyote wa Milano huanza wiki yake hivyo. Chuma hakiwezi kukata akiki. Kinachokata ni ule unga, chuma kinaubeba tu. Jiwe alilokuwa nalo mkononi lilikuwa jeusi chini na jeupe juu, na kwenye weupe huo alikuwa amekwisha kumtoa mke wa hakimu mmoja, kichwa na shingo, akitazama pembeni kama wanavyotazama wote kwenye vidani. Alikuwa amebakiza jicho.

Jicho huachwa mwisho. Alilimaliza kabla ya kengele ya adhuhuri, akalipangusa jiwe kwa kitambaa, na kule nyumbani kwa hakimu, mitaa mitatu kutoka hapo, mkewe akaacha kuonekana upande wa kulia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wote waliochongwa. Ukisimama mbele ya mmoja wao unaona shavu la kushoto. Ukimzunguka ukatokea upande wa pili, unakutana na shavu lile lile la kushoto, jicho moja, nusu ya mdomo na hereni moja. Mji ulikwisha kuzoea. Masonara waliuza hereni moja moja. Mapadri walikubaliana kwamba nusu ya mdomo inatosha kwa komunyo. Waliofurahi zaidi ni waume, maana mke wa namna hiyo hamkodolei mtu macho mezani, na hata akikasirika hasira yake huioni vizuri. Uso umeumbwa na haya, walisema, wakaagiza vidani zaidi.

Orsola alikuwa amewachonga wake za watu kumi na tisa. Hakujivunia, wala hakuwa na njia ya kukataa. Mumewe Matteo alikufa mwaka wa tauni, na sheria ya chama cha mafundi ilikuwa fupi: mwanamke haketi kwenye cherehe. Kwa hiyo karakana iliandikwa jina la shemeji yake, Ercole, mtu ambaye hakujua hata cherehe inakanyagwa kwa mguu upi. Nyuma ya kila jiwe lilichongwa jina la Ercole, kwa herufi ndogo nzuri, na aliyelichonga ni Orsola. Mara moja kwa mwaka, mkaguzi wa chama alipopita, alijificha kwenye ghala ya unga wa ngano, akatoka baadaye akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Angekataa kazi, mawe yangepelekwa kwa fundi mmoja wa karibu na lango la kusini, ambaye mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mwanamke mmoja alichongwa huko, na hadi leo ana videvu viwili na hana kope.

Chini ya cherehe palikuwa na mtungi. Tope linalodondoka kwenye kazi halitupwi, kwa sababu almasi imo ndani yake, nayo huchujwa ikatumika tena. Lakini pamoja na almasi yalidondoka humo mashavu ya kulia, na siku za unyevu yalizungumza. Hayakuwa na makubwa. Samaki wamepanda bei. Mtoto ameamka na kikohozi. Yule bwana kanipiga tena. Wateja walipokuja, Ercole aliufunika mtungi kwa gunia na kusema jirani wa chini ana wageni.

Orsola alikuwa na binti mmoja, Delia, wa miaka kumi na sita. Walifanana kama shilingi kwa ya pili, tofauti yao ilikuwa miaka ishirini na mitano na ndewe ya sikio la kushoto la mama, ambayo ilichanika utotoni hereni iliponaswa na shuka. Delia alichekea upande wa kulia. Mdomo ulianza kupanda kulia, kishimo kikajitokeza shavuni, halafu ndipo upande wa kushoto ukafuata, kama mtu aliyechelewa kuelewa mzaha. Marehemu Matteo alikuwa akisema mtoto huyu anacheka kwa awamu. Orsola aliupenda upande ule wa kulia kuliko kitu chochote duniani, na aliwaomba watakatifu wote aliowajua usije ukaletwa kwenye cherehe yake.

Uliletwa mwezi wa tano.

Ercole aliingia na kijisanduku kwapani, jasho likimtoka, uso umechangamka. Alitoa fremu ya dhahabu akaiweka mezani. Ilikuwa imezungushiwa majani ya kijani na makomamanga mekundu ya enameli, na juu kabisa nyoka wawili weupe wanaumana mikia. Orsola aliijua. Miaka sita nyuma aliichongea jiwe la Violante, mke wa Bwana Annibale, mfanyabiashara wa hariri. Violante alikufa kwa homa majira ya baridi, akalazwa jenezani akionyesha shavu la kushoto, na sasa fremu ilikuwa tupu.

"Na jiwe lake liko wapi?" Orsola aliuliza.

"La Violante? Kaliweka mezani, linazuia karatasi zisipeperuke. Achana na hilo. Shemeji, leo nimekuletea habari ya kukuchezesha."

"Sema tu. Miguu yangu iko kazini."

"Bwana Annibale anaoa. Anamwoa Delia wetu."

Orsola aliacha kukanyaga. Gurudumu lilizunguka kidogo peke yake, likasimama.

"Delia ana miaka kumi na sita."

"Chanda chema huvikwa pete. Ulitaka avae nini, aproni yako hiyo?"

"Yule mzee ana meno manne, Ercole."

"Na nyumba tatu. Jumlisha vizuri, zinakuwa saba." Alicheka mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kumsaidia. "Usinitazame kama mwizi. Mlezi wake ni mimi, sheria ndivyo ilivyo, na nimeshakubali. Harusi baada ya mavuno. Anataka kidani kitangulie, na anataka kikae kwenye fremu hii hii. Anasema fremu nzuri haitupwi kwa ajili ya mtu mmoja."

Kisha akatoa jiwe. Lilikuwa akiki ya matabaka matano, nyeusi chini kabisa, halafu nyeupe, kahawia, nyeupe tena, na kahawia nyembamba juu kwa ajili ya nywele. Jiwe la aina hiyo wachongaji huliita jiwe la watu wawili, kwa sababu mtu wa juu akiharibika unaweza kumfuta na kumchonga wa chini. Orsola alilipima mkononi. Moyo wake ulikuwa mzito kuliko lile jiwe, na hakuna aliyeuliza.

Alilaza jambo hilo kichwani kwa siku tatu. Siku ya nne akaazima kioo kwa mke wa Baldassarre, sonara wa mlango wa pili, akakisimamisha pembeni ya kile cha kwake. Mtu hawezi kuliona shavu lake mwenyewe kwa kioo kimoja. Kila asubuhi Delia alikuja kuketi kwenye kiti cha kuchongewa, ili Ercole akipita aone mambo yanakwenda, na kila asubuhi Orsola aliangalia vioo viwili na kujichonga mwenyewe. Alipunguza miaka. Alirudisha shingo iliyokuwepo kabla ya tauni. Sikio alilichonga lilivyo, pamoja na ule mchaniko, kwa kuwa jiwe husamehe miaka, lakini likidanganywa alama halimshiki mtu.

"Mama, mbona hunitazami?" Delia aliuliza siku moja.

"Nakujua kwa moyo."

"Shingo inaniuma."

"Vumilia. Umri wako mimi nilikuwa nachota maji ndoo kumi kabla ya misa."

"Jana zilikuwa nane," Delia alisema, akacheka, kulia kwanza. Orsola aliendelea kukanyaga.

Jicho alilimaliza mkesha wa Mtakatifu Yohana, saa za alasiri. Upande wa kulia alihisi ubaridi, kama mtu amefungua mlango wa ghala. Akajitazama kwenye kioo cha mbele: shavu la kushoto. Kwenye kioo cha pembeni: shavu la kushoto. Akarudisha kioo cha watu, akaingia jikoni kupika kabichi.

Hakuna aliyegundua. Kwa miaka mingi kila aliyepanda ngazi za karakana ile alimkuta Orsola ameinama kwenye cherehe, dirisha likiwa kulia kwake, na hakuna aliyewahi kumwona upande mwingine. Ercole alikula naye meza moja majira yote ya joto, akalalamikia chumvi tu.

Baldassarre peke yake ndiye aliyesita. Alikuja kuchukua jiwe alitie kwenye fremu, akalisogeza mwangani, akakuna pua.

"Mama Delia, sikio la binti yako ni zima. Hili limechanika."

"Jiwe lilikuwa na ufa."

Baldassarre alizunguka meza akijifanya anatafuta mwanga mzuri zaidi. Alimzunguka Orsola taratibu, mpaka akarudi alipoanzia. Akavuta pumzi.

"Haya. Nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Mimi kazi yangu ni kukaza ukingo." Akaukaza, kidogo kidogo, dhahabu ikalilalia jiwe pande zote, na nyoka wakaendelea kuumana mikia.

Harusi ilikuwa mwezi wa tisa. Delia alipovalishwa, alitaka kumkumbatia mama yake ana kwa ana, akashindwa. Alimzunguka mara tatu, sketi ya hariri ikimburuzika nyuma.

"Mama, geuka."

"Nimegeuka."

"Upande mwingine umeuweka wapi?"

"Umo mtungini na wenzake. Usilie, utachafua kola, si yetu hiyo." Orsola alimfuta machozi kwa kidole kilichonuka zeituni. "Nenda kamtazame mumeo usoni, mwanangu. Mtazame kwa macho yote mawili. Mengine yote nimeshayamaliza mimi."

Delia alicheka huku analia, kwa awamu zote mbili, akaondoka na uso mzima. Siku hiyo Orsola alilala mapema akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Matteo afe.

Siku arobaini baadaye Bwana Annibale alipanda ngazi mwenyewe. Alikuwa mtu mnyoofu wa maneno, mwenye koti jeusi na harufu ya karafuu. Aliweka kidani mezani kama mtu anayerudisha kiatu kinachobana.

"Hakikufanya kazi," alimwambia Ercole. "Ananitazama."

"Anakutazama vipi, bwana?"

"Kwa macho. Nikila, ananitazama. Nikisali, ananitazama. Namweleza bei ya hariri, anacheka, anaanzia huku." Akajigusa shavu la kulia. "Marehemu Violante miaka sita hakunitazama hata mara moja. Sina ugomvi na mtoto wa watu, lakini mtu hawezi kuishi hivyo nyumbani kwake. Nimemfungia chumba cha juu ya ghala mpaka mtengeneze."

"Hakuna cha kutengeneza," Orsola alisema kutoka kwenye kigoda.

Bwana Annibale hakugeuka. Ercole alikiinua kidani kuelekea dirishani, akakiangalia kwa muda, akaliona sikio. Halafu akamtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Akamzunguka.

"Kumbe ni wewe," alisema. Hakushangaa. Alichukia tu, kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. "Umeharibu jiwe la watu."

"Sijaharibu. Nimejichonga. Kazi ni ile ile."

"Na nani alikuagiza wewe uchongwe? Nani anakutaka shingoni?" Akaugonga ukingo kwa ukucha. "Bahati yako ni jiwe la watu wawili. Chini kuna weupe mwingine. Utajifuta, utamchonga Delia."

"Sichongi."

"Basi anapelekwa kwa yule wa lango la kusini, mwenye mkono wa homa. Chagua mwenyewe, shemeji. Mimi si mtu mbaya."

Orsola hakuchonga siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Aliketi kwenye kigoda mikono mapajani, na mtungi ukazungumza chini ya miguu yake bila gunia. Ercole alipita akitembea kwa kishindo. Mwanzoni mwa wiki ya tatu mtumishi wa Bwana Annibale alimleta Delia, akabaki mlangoni na funguo mkononi.

Delia alikuwa amekonda na amepauka. Aliketi kwenye kiti cha kuchongewa bila kuambiwa.

"Dirisha la kule liko juu, mama. Naona vigae tu. Nimevihesabu mpaka nimevipa majina."

"Anakupiga?"

"Hapana. Anafunga mlango. Nilidhani nitamshinda kwa kumtazama. Hashindwi. Anageuza ufunguo, basi." Aliigeuza shingo pembeni. "Nichonge."

"Sikukutoa kwenye cherehe hii ili nikurudishe."

"Hukunitoa, mama. Ulinipeleka na uso mzima, nikafungiwa nao. Nikiwa nusu nitatoka. Nitakwenda sokoni, nitakwenda misa, Alhamisi nitakuja hapa."

"Ni upande unaochekea, Delia."

"Kule ndani sicheki hata hivyo."

Orsola alilia. Alilia kwa jicho moja, kwa sauti, bila kujificha, na mtumishi pale mlangoni akaangalia funguo zake. Halafu akachanganya unga wa almasi na mafuta. Akakunjua ukingo wa dhahabu, akalitoa jiwe, akalikandamiza kwenye nta, akaanza kujifuta.

Nywele zilikwenda kwanza, tope la kahawia likadondoka mtungini. Ikafuata pua, kisha paji. Delia aliangalia mama yake akipungua kwenye kigoda kwa mpangilio huo huo. Sikio lililochanika Orsola aliliacha mwisho, kisha nalo likaenda. Baada ya hapo kigoda kilionekana kitupu, aproni ilining'inia kwenye msumari wake, na cherehe ilikuwa bado inazunguka.

"Uko wapi, mama?"

"Niko hapa hapa. Usigeuze shingo."

Kazi ilichukua siku tisa, na kila jioni mtumishi alimrudisha Delia chumbani na kila asubuhi akamleta. Weupe wa chini ulikuwa safi kuliko wa juu. Orsola alichonga vizuri kuliko alivyowahi kuchonga, kope moja moja, mviringo wa kidevu, na kijisikio kizima, kwa sababu kama mtoto atabaki na upande mmoja basi uwe mmoja usio na kasoro. Siku ya tisa likabaki jicho.

"Cheka kidogo," sauti yake ilisema karibu na kigoda.

Delia akacheka. Mdomo ukapanda kulia, kishimo kikajitokeza, na kabla kushoto hakujafuata, ncha ya chuma iligusa jiwe.

Baldassarre alilikuta jiwe limekuwa jembamba, akatia nta chini yake ili likae, akaukaza ukingo. Bwana Annibale aliridhika, akaufungua mlango wa chumba cha juu, na chumba kikarudi kuwekewa marobota ya hariri.

Mwezi wa kumi na moja mkaguzi wa chama alipita. Hakuna aliyekimbilia ghalani. Aliikuta cherehe ikizunguka, kibakuli kikisogea chenyewe mezani, na mke wa mwenye benki akijitokeza polepole kwenye jiwe. Aliinama akachungulia chini ya meza. Akaandika kwamba karakana ya fundi Ercole ndiyo pekee mtaani isiyo na mwanamke kwenye cherehe, akaisifu mbele ya wenzake. Ercole alipewa nafasi ya mbele katika maandamano ya Mtakatifu Ambrosi, akanunua kofia mpya. Mezani aliendelea kuweka sahani ya pili, na mkate uliowekwa hapo uliisha kila siku.

Tatizo lilikuwa mtungi. Tangu siku ile humo ndani kulikuwa na watu wawili wasionyamaza. Waliongea kuhusu ndoo za maji, mara zilikuwa nane, mara kumi, halafu mmoja akaangua kicheko, na mwingine naye akacheka, na mashavu mengine yakaacha habari za samaki yakasikiliza. Gunia halikutosha. Ercole alimwagiza seremala kifuniko cha mti, na juu ya kifuniko akaweka jiwe.

Delia huja Alhamisi, kama alivyosema. Humsalimia mama yake, cherehe ikapunguza mwendo, na sauti ya mama ikauliza kama amekula. Kisha huondoa jiwe, huinua kifuniko, na kuinamisha sikio la kushoto, maana ndilo alilonalo, akausikiliza mdomo wake unavyocheka kule ndani. Hukaa hivyo mpaka kengele ya kanisa igonge. Halafu hurudisha kifuniko na jiwe juu yake, kwa sababu mtumishi wa Bwana Annibale anangoja mlangoni.